Kitu Chekundu katika Sikio la Mama Ngoy

Siku yangu ya kwanza katika idara ya masikio, pua na koo, nilifika na koti lililopigwa pasi mara mbili na kichwa kilichojaa vitabu. Muuguzi mkuu alinikabidhi taa ya kufunga kichwani. "Vala hii, Dokta. Utaona mingi, utajua kidogo." Nilidhani ananitania.

Miezi michache baadaye alikuja Mama Ngoy, mshonaji wa mtaa wa Katuba. Mwaka mzima alikuwa akipewa dawa ya usaha, na sikio lake kavu kabisa.

"Iko inauma, mama?"

"Hapana. Iko inapiga tu. Nasikia moyo yangu mu sikio."

Nikachungulia. Nyuma ya kiwambo, ile ngozi nyembamba inayofunika sikio la kati, palikuwa na kitu chekundu kama pilipili iliyoiva, kikipiga pamoja na moyo wake. Chuo kikuu kilinifundisha: uvimbe wowote, kata kipande kwanza, jina litatoka maabara. Nikakata.

Damu iliruka. Nilishindilia kitambaa cha dawa, nikakandamiza, nikaita. Shefu, mkuu wa idara, alikuja mbio na kikombe cha chai mkononi.

"Weye mutoto wa université! Kitu inapiga sawa moyo, unakata? Ulifikiri iko nyama ya kuchoma?"

Chini ya kiganja changu Mama Ngoy aliuliza taratibu, "Dokta, moyo yangu ndio inatoka?"

Damu ilipokoma, Shefu alinifundisha upya. Ule ulikuwa uvimbe wa glomus, fundo la mishipa ya damu. Ni adimu, mara nyingi si saratani, ila hukua polepole ukila mfupa. Ukiwa mdogo, unainua kiwambo kama pazia, unaunguza mishipa inayoulisha, unautoa wote, na mara nyingi mgonjwa anabaki akisikia. Uvimbe ukiteremka hadi kwenye mshipa mkubwa chini ya sikio, unakaribia neva ya uso, ile inayoinua mdomo. Hapo wengine hupigwa mionzi, wengine huangaliwa tu.

Wa Mama Ngoy ulikuwa mdogo. Shefu alipasua, mimi, kwa adhabu, nilishika mrija wa kunyonya damu. Mama Ngoy alipozinduka, Shefu alimwambia, "Cheka, mama."

"Nicheke nini? Mulikuwa karibu kuniua!"

Lakini mdomo ulipanda pande zote mbili, na akasikia.

Uvimbe huu huweza kurudi baada ya miaka mingi, kwa hiyo kila mwaka alikuja nimwangalie sikio. Kisha mikono ikaanza kunitetemeka, nikastaafu mapema. Wiki iliyopita alinifuata nyumbani, mtaa wa Hewa Bora, akakaa kitini, akageuza sikio.

"Mama, miye nimeacha kazi. Kule hospitali muko dokta kijana, iko na machine ya muzuri."

"Ule hayajua bado kuogopa."

Nikafunga taa kichwani. Kiwambo kilikuwa cheupe, kimetulia. Nikaangalia mara ya pili, na ya tatu. Hata sasa sijaridhika.

Kesho nitampeleka mwenyewe kwa yule kijana. Taa nitambebea kijana huyo. Hofu, sijui nitaipakia wapi ili nimfikishie nayo.