Beti Nne za Kusubiri

Kabla sijaona mtu, nilisikia wimbo. Ulitoka mwisho wa korido, wimbo wa kanisa ulioimbwa taratibu, kila ubeti ukirudiwa mara nyingi, na mtu asiye na haraka. Nilipofungua mlango nilimkuta mama karani wetu mbele ya kompyuta, mikono mapajani, viatu vyenye matope ya mtaa wa Mangobo vikikauka dirishani. Alikuwa ameshaandika neno lake la siri. Sasa alisubiri.

"Umefika ubeti wa ngapi, mama?"

"Wa tatu. Itafunguka mu ubeti wa ine."

Mtunza ghala akachungulia; kwetu kila kilichochelewa kilisingiziwa makao makuu. "Kinshasa wameamuka?"

"Bado wanavaa soksi," mama akajibu, tukacheka wote.

Mimi sikupaswa kucheka. Nilikuwa fundi wa mtandao katika ofisi ile ya mbegu, kijana aliyeandika riwaya saa za chakula na kujiona ana jicho la kuwaona watu. Chef, mkuu wetu wa ofisi, alikuwa ameondoa daftari la kusaini. Mahudhurio yalihesabiwa kwa saa ambayo kompyuta ilimfungulia mtu. Wenzetu wakajifunza ujanja: jioni hawakuzima mashine, asubuhi waliigusa tu ikaamka. Mama alizima yake kila siku, kwa sababu radi ya Kisangani haina adabu, kisha akaifunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Hivyo aliyefika wa kwanza, akasubiri karibu nusu saa mashine imfungulie, ndiye aliyeandikwa amechelewa. Alikuwa na barua mbili za onyo. Ya tatu ingemtoa kazini.

Nilimsikia akijitetea. "Chef, niliingia mbele yako."

"Mama, mashine haina tumbo. Hakuna mutu anaweza kuipa matabishi ili idanganye."

Mimi nililaumu antena, nikalaumu mvua, nikabadilisha kebo. Kisha siku moja, badala ya kuhesabu beti, nikatazama ni nani hasa aliyekuwa akiijibu mashine yake. Ilikuwa seva ya Kinshasa, mashine kuu inayokagua maneno ya siri, ng'ambo ya msitu wote ule. Na sisi tulikuwa na seva yetu kabatini, nyuma ya kiti changu, inayomjua kila mmoja wetu, feni yake ikizunguka bure. Tulipohamia jengo hili nilizipa kompyuta anwani mpya, lakini sikuziandika anwani hizo kwenye orodha inayoonyesha seva ipi iko karibu. Mstari mmoja tu ulikosekana, na kompyuta zikawa zinaenda kuuliza Kinshasa.

Nikauandika mstari ule.

Kesho yake mama aliandika neno la siri, akavuta pumzi ya kuanza wimbo, na kioo kikafunguka kabla hajatoa sauti. Alikitazama bila kufurahi. Barua ya tatu ilikuwa mkobani mwake tangu jana.

Nikaenda kwa chef, nikamweleza kosa langu. Akasema barua ile ichanwe. Nikarudi mbio.

"Mama, kosa ni langu. Barua imekufa. Unabaki."

Hakuinuka. "Kila asubui ulikuwa unanikuta hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Na viatu vyangu vimeshaanza kukauka?"

"Ndiyo."

"Bon, sawa. Ulimwambiaka chef hata siku moja?"

Sikuwa nimemwambia. Miezi yote ile nilimweleza habari za kebo na mawingu. Viatu vile nilikuwa nimeviandika vizuri sana ndani ya riwaya yangu.

"Donc, kumbe mulikuwa munauliza mashine," akasema, "na mimi niko hapa na mudomo."

Akazima kompyuta. Kwa mazoea akaifunika kwa kitambaa chake, akakinyoosha pembe, kisha akakivuta tena, akakikunja mara nne na kukitia mkobani.

"Mama, utafanya nini?"

"Nitauzisha mikate kwa soko ya Mangobo. Kule wanaonaka mutu kwa macho."

Akavaa viatu, akapita. Mlango aliufunga polepole, kama alivyozoea, ili upepo usiubamize.