Sahihi Isiyohesabiwa ya Socorro Villaseñor

Ukimtukana Socorro Villaseñor, atakujibu. Ukimsukuma, atakusukuma, ingawa ana miaka hamsini na minane na goti moja limemchoka. Lakini adhuhuri ile ya Februari, ndani ya basi la shule lililoegeshwa nyuma ya jiko, hakujua amjibu nani. Aliyemtukana alikuwa ametumia rula.

Jina lake lilikuwa pale kwenye karatasi, mstari wa kumi na tisa, kwa mwandiko wake mwenyewe wa herufi kubwa kubwa. Mtu alilipitishia mstari ulionyooka, na pembeni akaandika maneno mawili: si mwalimu.

“Ebo! Hii nimeisaini lini?”

“Si ndiyo nakuuliza wewe,” alisema Delphine Tatum, dereva wa basi hilo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya. “Na mimi nimo. Na Mai Yer wa jikoni yumo. Tuko tisa, shoga yangu. Tumejichongea wenyewe, tena kwa kalamu zetu.”

Delphine alikuwa ameitoa nakala ile ofisi ya elimu ya wilaya, ilikowekwa ili kila mtu aisome. Ilikuwa na kurasa mia moja na arobaini, na haikuwa na msomaji. Ndani yake kulikuwa na ombi la kuigeuza shule ya msingi ya Tres Pozos kuwa shule ya mkataba, maana yake iendelee kula fedha za umma lakini itoke mikononi mwa wilaya, ijiendeshe kwa bodi yake yenyewe. Sheria ilitaka sahihi za nusu ya walimu wa kudumu. Walimu walikuwa thelathini na mmoja, na waliosaini walikuwa kumi na sita. Walitosha.

“Sasa soma themanini na saba,” alisema Delphine.

Socorro alisoma kwa kidole. Kiingereza chake alikiokota kwenye mashamba ya pichi na korido za shule, kwa hiyo karatasi za ofisi huzisoma polepole. Huduma za usafi, chakula na usafiri zitatolewa na kampuni ya nje. Alirudia mara tatu, na mara zote ilisema hivyohivyo.

Jamani, ishirini na mitatu si siku, ni miaka! Alikuja bonde hili la Kalifornia kutoka Michoacán akiwa na miaka kumi na tisa, akachuma pichi mpaka mgongo ukamwambia basi. Alipoanza kazi ya usafi pale shuleni, Kirkbride, mwalimu mkuu wa leo, alikuwa bado chuoni. Watoto humwita Doña Coco. Ndiye anayejua bomba lipi hulia na lipi hupasuka, na ndiye anayejua mtoto gani hujifungia chooni wazazi wake wakigombana. Mtoto akitapika darasani, mwalimu hutoka nje ameziba pua, na Doña Coco huingia. Mumewe, Eusebio, figo zake zilikufa miaka mitano iliyopita. Mara tatu kwa wiki hulazwa kwenye mashine akasafishwa damu. Mashine ile hulipiwa na bima ya kazi ya Socorro. Kazi ikienda, bima inaenda, na Eusebio naye ukimwondoa kwenye mashine unamhesabia wiki, humhesabii miezi.

Aliukunja ukurasa ule pembeni.

Kisha akakumbuka. Mwezi Januari Kirkbride aliita kikao cha asubuhi, akaleta maandazi matamu na kahawa ya kununua. Aliongea juu ya uhuru, na ndoto, na familia moja. Mwishoni akasema, “Msisahau kusaini kabla hamjatoka.” Sasa, pale Tres Pozos huwezi kukutana watu watatu bila karatasi ya mahudhurio. Kuna mahudhurio ya zoezi la moto, mahudhurio ya somo la kuinua boksi, mahudhurio ya chanjo ya mafua. Mtu anayevaa sare ameshazoea: akiona meza, karatasi na kalamu iliyofungwa kamba, anasaini, anachukua andazi, anarudi kazini. Wote tisa walisaini hivyo. Hakuna hata mwalimu mmoja aliyewagusa bega akawaambia, jamani, hiyo siyo ya mahudhurio.

“Yaani,” alisema Socorro, na sauti ikaanza kupanda, “nimesaini nifukuzwe.”

“Umesaini.”

“Halafu wakaifuta.”

“Wakaifuta. Sisi sio walimu.”

“Kwa hiyo hata nilipokosea, kosa langu halikuhesabiwa!”

Delphine alicheka, akaona uso wa mwenzake, akaacha.

Socorro hakwenda kubadilisha glavu. Alipita korido na buti zake za maji mpaka ofisini kwa Kirkbride, akaiweka nakala juu ya meza, katikati ya chakula chake cha mchana.

“Socorro,” alisema yule bwana, akapangusa mdomo. “Kaa, kaa. Wewe unajua sisi hapa ni familia.”

“Familia gani inamfuta mama kwa rula?”

“Sikuiandika sheria mimi. Sheria inasema walimu tu.”

“Na ukurasa wa themanini na saba? Nao umeandikwa na sheria?”

Kirkbride aliutazama mkate wake. Alisema kampuni ingewachukua tena baadhi yao. Wangejaza fomu kama waombaji wengine. Alisema mabadiliko yanauma. Alisema yeye alikuwa anawafikiria watoto.

“Watoto unawajua majina?” Socorro aliuliza. “Sema kumi. Sema watano, nikusamehe.”

Kirkbride akaanza kuufunga mkate wake kwenye karatasi. Socorro akachukua nakala yake, nayo ikaondoka na doa la haradali. Nyie, shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hupiga teke akikutazama.

Jikoni, mbele ya Socorro na Delphine, Mai Yer Vang, mpishi mdogo wa mwili anayeongea kwa kukatakata kama anavyokata kitunguu, alitoa shauri. “Kumi na sita. Akitoka mmoja, kumi na tano. Haitoshi. Nenda kwa Haugen. Moyo laini.”

“Nikampigie magoti?”

“Magoti gani? Unalo moja.”

Wakacheka wote watatu, kicheko kibaya, cha watu waliobanwa ukutani.

Mwalimu Kelsey Haugen alifundisha chumba namba kumi na nne, mwaka wake wa nne. Saa tisa na nusu, watoto walipokwisha kuondoka, Socorro aliingia na ndoo. Msichana wa watu alimkaribisha kwa tabasamu, akamuuliza hali ya Eusebio. Hilo ndilo lililomtia hasira zaidi, kwamba alilikumbuka jina.

“Eusebio atakufa,” Socorro akasema. “Umesaini wewe.”

Haugen alikaa chini kwenye kiti cha mtoto. Alisoma ukurasa uliokunjwa mbele yake, akawa mwekundu mpaka masikioni. Alisema hakuufikia ukurasa ule. Alisema ana watoto thelathini na watatu darasani, na aliahidiwa kwamba shule ikijitegemea watakuwa ishirini na wanne, na vifaa vya sayansi, na yeye usiku hapati usingizi kwa kuwaza wale watoto tisa wa ziada asiowafikia. Hakuwa akidanganya. Socorro husafisha chumba kile, alijua madaftari yanayorundikana pale.

“Nilidhani nyinyi mmeshaulizwa,” Haugen alisema, na machozi yakaanza.

“Na nani? Usinililie, mwanangu. Machozi yako nitayapiga deki mimi.”

“Niambie nifanye nini.”

“Sikuja kukuomba!” Ndoo ilitikisika. “Ningekuwa na sahihi yangu, nisingekuwa na haja ya kujua moyo wako ni laini au mgumu. Ningesema hapana yangu, wewe ungesema ndiyo yako, tukahesabiwa, tukaenda nyumbani. Badala yake nimesimama hapa na ndoo nangoja uamue mume wangu aishi.”

Alipiga deki chumba kizima, pamoja na chini ya miguu ya Haugen, akatoka bila kuaga. Kazi ni kazi.

Alhamisi iliyofuata, saa kumi na moja jioni, bodi ya elimu ya wilaya ilikaa kusikiliza ombi. Ukungu ulikuwa umelala kwenye bonde tangu asubuhi, lakini ukumbi ulijaa. Walimu walikaa kulia, wazazi katikati, na wale wa sare walisimama nyuma, ishirini na wawili, kwa mazoea tu ya kusimama nyuma. Eusebio alikuja pia, amevaa kofia yake nzuri.

Kwenye vikao vile, mwenye neno hujaza kadi, huitwa jina, hupewa dakika tatu kwa saa inayolia. Na ipo ruhusa nyingine ambayo watu wakubwa hawapendi kuitangaza: asiyetaka kusema anaweza kumpa mwenziwe dakika zake. Delphine aliijua, maana miaka kumi amekuwa akiegesha basi nje ya ukumbi ule akisubiri wanafunzi wa kwaya.

Kabla Kirkbride hajafika hata katikati ya hotuba yake, Haugen alisimama. Alisema kwa sauti ndogo kwamba anaondoa sahihi yake, kwa sababu alisaini asichokisoma. Mwanasheria wa bodi akanong'ona sikioni mwa mwenyekiti. Bi Dorothea Mendonca, mwenyekiti, mwanamke wa miwani ya mnyororo, akasema basi sahihi ni kumi na tano, hazifiki nusu, ombi limeanguka.

Ukumbi ulilipuka. Wazazi walipiga makofi, Mai Yer alimkumbatia mtu asiyemjua. Eusebio alivua kofia, akaivaa tena, akaivua. Haugen alikuja mbio hadi nyuma, mikono wazi, na Socorro akampa mkono mmoja, akasema asante, kwa sababu ana adabu. Kisha akapita kando yake kwenda mbele kwenye kipaza sauti.

“Nina kadi,” alisema.

Mwenyekiti alitabasamu. “Mama, shauri limekwisha. Si umeshinda?”

“Sijashinda. Nimehurumiwa.”

Makofi yakapungua, moja baada ya moja, mpaka yakaisha.

“Msichana mmoja amenihurumia,” Socorro alisema. “Namshukuru. Mwakani bwana huyu ataleta karatasi nyingine, ataleta na maandazi. Yule msichana akiwa ameolewa akahama? Akiwa amenichoka? Mimi nitakwenda kumsafishia nani chumba ili anihurumie? Nataka jambo moja. Ombi lolote la kuigeuza shule lisipokelewe hapa mpaka lije na ukurasa wetu, wapishi, madereva, wasafishaji, wasaidizi wa darasa, ndiyo zetu na hapana zetu, zikiwa zimehesabiwa. Lipigieni kura sasa hivi.”

“Hilo halimo kwenye ajenda ya leo,” alisema Bi Mendonca. “Na sheria ya jimbo—”

“Sheria haijakutuma kutuhesabu. Wala haijakukataza kutuuliza!”

“Tutalipeleka kwenye kamati. Asante kwa mchango wako.”

Saa ikalia. Mtu akaanza kukusanya makaratasi.

“Namwachia dakika zangu!” ilipaa sauti ya Delphine kutoka nyuma. Mai Yer naye akasema, zangu pia. Akafuata fundi wa mabomba, akafuata msaidizi wa chekechea, akafuata bibi wa maktaba ambaye hajawahi kupandisha sauti maishani mwake. Karani alihesabu kadi akaziweka mezani. Watu ishirini na mmoja, dakika sitini na tatu.

Wajumbe walitazamana. Mmoja wao alikuwa ameshavaa koti, na ilimbidi alivue.

Socorro hakuwa na hotuba. Alikuwa na watu. Akaanza na bibi wa maktaba, miaka kumi na minane, ambaye hununua kwa pesa zake vitabu vya watoto wasio na vitabu nyumbani. Akaja kwa Mai Yer, anayejua mtoto yupi akila karanga atavimba koo. Akaja kwa Delphine, aliyewahi kulisimamisha basi kwenye ukungu na kukaa na watoto arobaini saa mbili, akiwaimbisha, asimgongeshe hata mmoja. Alipokosa neno la Kiingereza alisema la Kihispania na akaendelea. Kila jina alilimalizia kwa swali lilelile, “Huyu mlimuuliza?” na kila mara alingoja. Kirkbride alitaka kutoka mara moja, akakuta mlangoni wamesimama watu wengi wa sare, hakuna aliyemzuia, hakuna aliyempisha haraka. Akarudi kukaa.

Saa ya mwisho ilipolia, Bi Mendonca alisema tena kwamba litakwenda kwenye kamati. Safari hii hakutabasamu.

Nje, Eusebio alimshika mkono kuelekea kwenye gari. “Umewakomesha, mke wangu.”

“Sijamkomesha mtu. Kazi ninayo, kauli sina.” Alifungua mkoba, akamwonyesha kadi mpya, imejazwa tayari, jina kwa herufi kubwa kubwa. “Wanakaa tena Alhamisi. Nimewachukulia kadi wenzangu wote ishirini na mmoja.”