Kopo Moja la Miswaki

"Shoga, hivi huyo mkweo mbona anakwenda kuoga na mkoba? Bafuni kwenu kumefunguliwa soko?"

Aliyeuliza ni jirani, fundi cherehani, ambaye mdomo wake haujui kulala. Aliyeulizwa ni Mama Kola, dobi wa mtaa mzima, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna kola iliyowahi kumshinda. Alicheka kicheko cha kufunika mambo, akasema, "Ah, wasichana na mafuta yao." Lakini swali lile lilimkaa kooni kama mwiba.

Mke wa mwanawe alikuwa bado mgeni pale nyumbani, binti wa adabu, hainui macho akisema na mkwewe. Mama Kola aliingia ndani, akalitazama kopo la miswaki pale dirishani. Miswaki ya nyumba nzima imekumbatiana humo, vichwa vimegusana, na chini maji ya tangu juzi yamefanya utelezi. Wa yule binti haukuwamo. Uliokuwamo, katikati ya miswaki ya watu, ni ule mkuukuu wa kusugulia kola. Miaka yote aliuweka humo. Si umepita kwenye sabuni? Basi ni msafi, ndivyo alivyojiambia.

Hapo akakumbuka, na uso ukamwaka moto. Wiki iliyopita, mashati ya wateja yamerundikana, alinyoosha mkono koponi bila kutazama. Alishasugua kola mbili tatu ndipo akahisi nywele za mswaki ni ngumu, mpya. Ulikuwa wa kijani. Wa binti! Akausuuza chapuchapu, akaurudisha, akanyamaza. Na mlango wa jikoni nyuma yake ulikuwa wazi.

Akatoka, akamkuta binti uani anaanika shuka.

"Mwanangu, mswaki wako unauweka wapi siku hizi?"

"Kwenye mkoba, Mama."

"Uliniona siku ile?"

Binti akawa anakunjakunja ncha ya shuka. "Nilikuona, Mama. Nikaona nikisema nitakuvunjia heshima. Ule nikautupa, nikanunua mwingine."

"Na huo wa mkobani, unakaa vizuri?"

"Wapi, Mama! Naufunga kwenye mfuko wa nailoni ukiwa na maji yake, haukauki. Umeshaanza kunuka uvundo." Akacheka kidogo, naye kwa aibu. "Nimekimbia uchafu huku nimeubeba."

"Kwenu mlikuwa mnawekaje?"

"Kila mtu na glasi yake. Unausuuza vizuri, unaukung'uta, unausimamisha kichwa juu, upepo unaukausha. Nywele zikianza kutawanyika, unanunua mpya."

Mama Kola alitamani ardhi ipasuke immeze. Kola za watu baki alizing'arisha, vinywa vya wanawe mwenyewe akavipa utelezi wa kopo. Na kibaya zaidi, mtoto wa watu alikuwa anajibanza na mkoba ndani ya nyumba yake mwenyewe, kisa kumwogopa yeye. Angeweza kusema yamepita, tuyaache. Mkwe mtu nani angembishia? Akamwomba Mungu ampe ulimi, akatazama chini, akasema:

"Nilikukosea, nikanyamaza. Nisamehe, mwanangu. Naomba unifundishe kuweka miswaki ya nyumba hii, na ukiniona nakosea tena uniambie, usiniogope."