Baiskeli Ambayo Sikuisoma Redioni

Nilikuwa kidato cha tatu, na nilikuwa naogopa watu kiasi kwamba nikitumwa dukani nilizunguka nyuma ya nyumba nisikutane na mtu. Redio za watu binafsi ndiyo zilikuwa zimeanza. Ya kwetu Songea ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la saruji. Jumamosi mchana walialika waandishi na wanamuziki, moja kwa moja hewani. Mwalimu wetu wa Kiswahili alipeleka jina langu bila kuniuliza.

Nilikwenda na ukurasa mmoja niliouchana kwenye daftari langu la siri. Ulihusu baiskeli ya marehemu baba na jinsi mama alivyoiuza nipate ada. Nilipokwishakaa mbele ya kipaza sauti ndipo nikakumbuka: mtaani mama aliwaambia watu baiskeli iko kwa fundi. Na watu haohao sasa walikuwa wanasikiliza, yeye mwenyewe akiwa nao, kwenye redio ya jirani.

Nikakunja karatasi, nikaikunjua, nikaikunja tena.

"Haya binti, tusomee," mtangazaji akasema.

Akanikazia macho, akaonyesha saa ya ukutani.

Mpiga gitaa, Mhehe wa Iringa aliyekuwa ametoka kupiga, akavuta kipaza sauti. "Mnawaona Wangoni? Tuliwafukuza enzi za mababu, mpaka leo wakituona sauti zinawakauka!"

Sasa, Wahehe ni watani wetu Wangoni, na mtani akikuchokoza mbele za watu ukanyamaza, umeuaibisha ukoo mzima. Hilo nilifundishwa kabla ya a, e, i, o, u. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba!"

"Leo mbwa wa Iringa wamelala kwa amani, maana wewe unayewala uko huku."

Mtangazaji alicheka hadi akakohoa. Mhehe akarudisha, nikamrudishia, tukaendelea hivyo hadi saa saba, ilipobidi wajiunge na Dar es Salaam kwa taarifa ya habari. Karatasi ilikuwa imelowa jasho mkononi. Nilishukuru Mungu, halafu kwenye ngazi nikakasirika, sijui nilimkasirikia nani. Nilitembea haraka, karibu nikimbie.

Mama alikuwa anafagia uwanja.

"Huyo Mhehe umemweza. Lakini walitangaza utasoma. Ulikuwa usome nini?"

Nilitamani kudanganya. Nikampa.

Alisoma amesimama, fagio kwapani. Alisoma polepole, akarudia tena kutoka juu. Mimi nilikuwa nachimba udongo kwa kidole cha mguu.

"Umeandika ilikuwa na kengele," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Haikuwa na kengele. Baba yako alikuwa anapiga mluzi."

Akanirudishia karatasi, akaendelea kufagia. Nikakaa kizingitini, nikaikata kengele kwa kalamu, nikaandika mluzi juu yake.