Kinywa cha Kupimia

Kazini walimwita Padri, kwa sababu ujanani alikaa seminari miaka mitatu, akatoka na Kilatini bila kanzu. Alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji. Tangu asubuhi hadi saa kumi alisoma vibandiko vya dawa na kadi za mialiko, kalamu nyekundu mkononi, akisaka herufi zilizopotea njia. Kazi ilishamchosha zamani, na uchovu ule aliuzoea kiasi kwamba siku za mapumziko alijiona kama amesahau kitu.

Kilichombakizia roho ni lugha. Si lugha ya watu. Ni yake, aliitunga mwenyewe. Kilatini, alimweleza yeyote aliyekosa pa kukimbilia, kilikufa kikaacha mabinti: Kireno, Kifaransa, Kihispania na wenzao. Yeye alikuwa akimlea binti ambaye hakuwahi kuzaliwa. Kwa miaka kumi na tisa alichukua neno moja moja la Kilatini akalizeesha: akalegeza konsonanti za katikati, akaangusha irabu dhaifu za mwisho, kama vinywa vya watu vifanyavyo kwa karne nyingi. Vitenzi alivitoa mwisho wa sentensi akavileta katikati. Wakati ujao aliujenga kwa neno la kutaka, kwani, alisema, kesho yote ni kutaka tu. Kila neno lilikuwa na kadi yake, na kadi zilijaa masanduku kumi na manne ya viatu chini ya kitanda. Viatu vyenyewe vililala nje mlangoni.

Sasa lugha haiishi bila kinywa, na kinywa kilikuwa cha mkewe. Mama huyo alikuwa fundi cherehani, hajui Kilatini hata cha kuombea maji. Kila jioni mzee alirudi, akavuta kiti karibu na cherehani, akafumba macho, akatamka neno. Mke alilirudia huku akishona. Likipita ulimini bila kujikwaa, liliingia sandukuni. Macho lazima yafumbwe, alishikilia mzee, maana macho ni wambea, yanaliambia sikio la kusikia.

Mwaka ule lugha ilikuwa imekwama. Kila sauti aliyoigusa ilimrudisha kwenye Kireno au Kihispania, akaanza kusema atayachoma masanduku yote akalale. Kisha jioni moja akatamka *mesa*, yaani meza, ndugu kabisa wa hii yetu tunayolia chakula. Mkewe, ameinamia pindo la sketi, akajibu: "Metha."

Akatamka *casa*, nyumba. "Catha," akajibu mke.

Mzee alifumbua macho, yamelowa. "Imebadilika yenyewe," alisema. "Mama watoto, mimi sijaigusa. Imebadilika yenyewe."

Mkewe hakuinua kichwa. Alikanyaga cherehani akaendelea na pindo lake.

Miezi mitano mzee alifanya kazi ya punda. Kila *s* kwenye kadi elfu tatu aliikata kwa wino mwekundu, akaandika *th*. Mgongo ulimuuma, lakini asubuhi alikwenda kiwandani akipiga mluzi, na wenzake wakaulizana kama Padri ameoa mke wa pili.

Jumamosi moja mchana binti yao, msusi, alikuja kuwasalimu. Mama akaleta chai. "Thukari imekwisha," alisema, "mtakunywa hivyo hivyo."

Binti akaweka kikombe chini. "Mama, hebu fungua mdomo."

Meno bandia ya mbele, yale aliyowekewa mwanzoni mwa mwaka, hayakuwamo. Yalikuwa mfukoni mwa gauni, yamefungwa kwenye kipande cha kitambaa. Ufizi ulikuwa kidonda kitupu. Mbele ya wateja aliyavaa kwa kujikaza roho; wakiondoka, aliyatoa.

"Yanakukata tangu lini?"

"Tangu niliporudi nayo."

Binti akamgeukia mzee. "Baba, si wewe uliyempeleka kuwekewa? Kila jioni uko naye hapo, unamsikiliza. Hukuona?"

"Nilifumba macho," alisema mzee.

Aibu ilimshika. Alikumbuka miezi mitano ya *thijui* na *thawa mdhee*, maneno ya kawaida ya mkewe, ambayo hayakumpitia sikioni kwa kuwa hayakuwa ya kadi. Akamuuliza kwa nini hakusema.

"Ulikuwa umefurahi," mkewe alijibu kwa uchovu. "Mara ya mwisho kukuona hivyo, hata thikumbuki. Nikaona ufidhi utapona wenyewe. Wewe ukinuna tena, utapona lini?"

Jumatatu daktari wa meno aliyapunguza yale meno bandia ukingoni. Zilipita wiki tatu kidonda kikafunga. Siku zote hizo mzee hakuleta kadi; alikaa kitini mikono mitupu, akichambua nyuzi asizoambiwa kuchambua.

"Leta maneno yako, mzee," mkewe alimwambia hatimaye. "Kimya chako kinanichosha kuliko cherehani."

Akaleta kadi moja. Hakufumba macho. "*Mesa*," alisema.

Mke alisimamisha cherehani. Alitupa jicho chumbani, kwenye masanduku kumi na manne, kisha akautazama mgongo wa mumewe uliopinda.

"Metha," alisema.

Na mzee akaona. Meno yalikuwamo, yamekaa sawasawa, na ulimi ulisukumwa katikati yake kwa makusudi.

"Sema kwa kinywa chako."

"Kadi elfu tatu, baba watoto. Na mgongo wenyewe ndio huo."

"Kwa kinywa chako."

Mke akashusha pumzi. "Mesa."

Mzee akachukua kalamu nyekundu, akakata *th*, akarudisha *s*. Zilibaki kadi elfu mbili mia tisa tisini na tisa. Aliiweka ile moja pembeni, akamuuliza mkewe ufizi unaendeleaje, akasikiliza jibu hadi mwisho.