Watafiti wa Kichwa cha Mama

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Kwetu wageni walikuja na gari jeupe, na mwenyeji hakupona. Miaka imepita, lakini nikilikumbuka lile gari damu bado inanichemka.

Mama alikuwa na kipandauso. Kilimshika upande mmoja wa kichwa, jicho likatoka machozi, akatapika mpaka nyongo. Alijifunga kitambaa kichwani, akalala sakafuni, mlango umezibwa kwa gunia la pamba ili mwanga usipenye. Shangazi zangu walisema anakwepa palizi. Hilo nalo sijawasamehe.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Bariadi ilijaa wanunuzi binafsi wa pamba na maduka ya dawa, na zahanati ya kijiji chetu, iliyokuwa ikitibu bure, ikaanza kututaka tuchangie. Kwa hiyo daktari mtafiti, aliyekuja na lile gari jeupe, aliposema wanawake wanaoumwa kichwa watatembelewa nyumbani kila wiki, kisha walio na hali mbaya zaidi watapewa dawa mpya bila malipo, mama alikuwa wa kwanza kujiandikisha.

Mimi nilikuwa nafundisha Nyalikungu. Niliporudi likizo nikakuta jirani yetu ana vidonge na anatembea kifua mbele, na mama yuko vilevile nyuma ya gunia lake. Nikamuuliza mama imekuwaje. Akasema hajui, maana walikuja kila wiki bila kukosa.

"Wakifika wanasemaje?"

"Yule kijana wao anasalimia. Mhola, mayu? Nami naitikia, mhola duhu."

"Halafu?"

"Halafu wanaondoka. Hata maji hawanywi."

Nikaelewa. Kwetu Usukumani salamu hujibiwa mhola duhu, yaani amani tu, hata kama ndani kuna msiba. Mgeni anakaribishwa, anapewa kigoda na maji, ndipo anauliza habari za nyumba, na hapo ndipo ugonjwa unatajwa. Kumwaga maradhi mlangoni ni kukosa adabu. Daktari alitoka Dar, hakujua Kisukuma wala adabu zetu. Lakini mkalimani wake, yule kijana wa salamu, alikuwa Msukuma wa Malampaka, amelelewa kwa adabu hizohizo, na alijua fika. Alikuwa na haraka tu. Kila wiki alimgeukia bosi wake akasema huyu hajambo, wakapanda gari. Jirani yetu, ambaye adabu haijawahi kumsumbua, aliwapokea kwa vilio tangu barabarani, akapata dawa.

Kesho yake nilimshika mama mkono, kitambaa kichwani, tukaenda zahanati, alikokaa yule daktari na mkalimani wake. Nilimweleza daktari yote, kwa sauti ya darasani. Akammulika mama machoni, akampapasa shingo, na sasa, kupitia mkalimani, akamuuliza maswali ya maana, moja baada ya jingine. Mwisho akasema ni kipandauso kweli, tena kikali kuliko vyote alivyoviona pale kijijini. Ila kundi la kupewa dawa limeshafungwa. Akimwongeza mtu sasa, utafiti utaharibika.

Nilitamani kumzaba kofi. Nasema wazi, na nisingejuta. Utafiti usiharibike, bali mama yangu ndiye aharibike. Dawa ilikuwa pale kabatini, naiona kwa macho yangu.

"Mama angesema mapema," daktari akaongeza kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniudhi zaidi.

Mama hakujua Kiswahili, akataka kujua amesema nini. Mkalimani akamtafsiria. Mama, ambaye maisha yake yote sikumsikia akimjibu mkubwa wala mgeni, akainuka kwenye benchi akiwa ameshika ukuta, akasema kwa Kisukuma:

"Mwambie hakuniuliza. Walinisalimia tu."

Mkalimani akaangalia viatu vyake. Basi nikatafsiri mimi, taratibu, kisha nikarudia, na wagonjwa wote barazani wakasikia. Daktari akavua miwani akaifuta. Kidonge hakutoa. Tukarudi nyumbani kwa miguu, jua la saa sita likimpiga mama kichwani.