Spidomita ya Inspekta

Sikuwahi kuwa mtu wa kutulia. Mama alikuwa akisema hata nikilala miguu yangu inatembea. Nilipoanza ufundi wa pikipiki mjini Moshi, miaka ile ya mwisho mwisho ya Mwingereza, nilidhani nimepata kazi ya kunifaa, maana kila chombo nilichotengeneza lazima nikijaribu barabarani. Gereji ilikuwa ya Kalasinga mmoja, karibu na stesheni ya reli. Magari alishika yeye, pikipiki aliniachia mimi.

Siku moja ililetwa pikipiki ya inspekta wa barabara, Mzungu mrefu asiyependa maneno mengi. Spidomita yake ilikuwa imekufa. Mshale ulilala kwenye sifuri hata ukienda mbio namna gani. Spea ingetoka Mombasa, na inspekta alitaka chombo chake kesho yake. Kalasinga akanionyesha pikipiki mbovu iliyokuwa nyuma ya gereji, ya muundo mwingine kabisa.

"Toa ya ile, funga hapa."

Nikafunga. Waya uliingia, skurubu zikakaa, na nilipojaribu mshale ukanyanyuka. Nikafurahi. Kwa akili yangu ya wakati ule, spidomita zote zilikuwa sawa, mradi mshale unacheza.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nakunywa chai kibandani kabla ya kazi, nikasikia watu wanacheka. Dresa wa Kibosho amenyang'anywa leseni miezi sita kwa kwenda mbio mjini! Huyo dresa, mfunga vidonda, tulimjua wote. Alikuwa Mkatoliki mpole, mtoto wa wakulima wa kahawa, aliyepeleka dawa kwenye zahanati ndogo za mlimani kwa pikipiki yake mwenyewe. Aliendesha ameketi wima kama yuko kanisani, na watoto walimpita wakikimbia.

"Inspekta alimfuata toka darajani mpaka sokoni," alisema mwenye kibanda. "Spidomita yake ikasoma arobaini, na mwisho ni thelathini. Dresa akamwambia hakimu kwamba ya kwake ilisoma ishirini na nane. Sasa hakimu amwamini nani?"

Nikarudisha andazi sahanini.

Tangu siku ile sikukaa. Nilikuwa nafungua kitu nakiacha, nafungua kingine. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na asubuhi moja nikamwona dresa kwenye njia ya Kibosho, amebeba sanduku la dawa begani, suruali imejaa tope hadi magotini.

"Habari za kazi, fundi?" akanisalimu.

"Nzuri, bwana," nikajibu, nikapita.

Nyumbani, mtaa wa Pasua, mke wangu alichoka kuniona nikizunguka uani. Akaniuliza nina nini. Nikamweleza yote.

"Unajua kwamba ile spidomita ni mbovu, au unahisi?"

"Nahisi."

"Basi kapime."

Haukupita muda pikipiki ya inspekta ikarudi kubadilishwa oili. Kalasinga alikuwa amekwenda Arusha. Niliitoa kama ninayekwenda kuijaribu, nikampitia mke wangu. Alipanda nyuma na buibui lake, mkononi ameshika saa ya mfukoni ya baba yake, aliyekuwa mtu wa reli. Tukatoka barabara ya Arusha, penye mawe ya maili. Hesabu ilikuwa rahisi: kwa mwendo wa maili arobaini kwa saa, maili moja inaisha kwa dakika moja na nusu.

Nikaushikilia mshale kwenye arobaini. Tulipofika kwenye jiwe la kwanza nikapiga kelele, "Sasa!" Shamba la mkonge likapita, na dakika na nusu nazo zikapita, na jiwe la pili bado silioni. Lilipokuja, nikapiga kelele tena.

"Dakika mbili," alisema. "Kasoro kidogo sana."

Tukageuza, tukapima tena. Tulipima mara nne. Kila mara dakika mbili. Maana yake spidomita ikisema arobaini, sisi tulikuwa thelathini tu. Nilisimamisha pikipiki.

"Kumbe kwenda mbio kunapendeza," alisema mke wangu nyuma yangu. "Wakati wa kurudi ongeza kidogo."

Jumatatu nikamwambia Kalasinga. Aliendelea kuziba rejeta bila kuinua kichwa.

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna."

"Basi. Unataka kunifungia gereji?"

Jioni ile nilipanda mlimani kwa baiskeli, na penye mwinuko nikaisukuma. Nilimkuta dresa nyumbani kwao, kwenye kihamba chao kati ya migomba na kahawa. Nikamwamkia mama yake shikamoo. Aliitikia, akaniletea bakuli la mtori hata kabla sijasema nimetoka wapi. Sikuweza kuula. Nikamweleza mwanawe nilichofunga, na jinsi tulivyopima.

Alisugua tope lililokauka kwenye kiatu.

"Niliapa mahakamani," alisema mwisho. "Halafu hakimu aliponiambia nasema uongo, nikaanza kujishuku mwenyewe. Nikawaza labda sikutazama vizuri. Nimekwenda kuungama kwa padre, fundi. Nimeungama uongo ambao sikuusema."

"Nisamehe, bwana."

"Kwa nini umekuja kwangu? Nenda kwa aliyenishtaki."

Mama yake aliona bakuli bado limejaa, akalichukua.

Kesho yake asubuhi nilisimama mlangoni kwa inspekta mpaka karani akachoka kuniambia nikae kwenye benchi. Nilipoingia nilisema yote kwa pumzi moja. Inspekta akainuka. Alichukua kofia yake na saa yake, akanipakia nyuma, tukaenda kwenye mawe yale yale. Alipima mara moja. Akapima tena. Mara ya tatu akasimama kando ya barabara, akavuta sigara mpaka ikaisha.

"Kwa nini unaniambia?" aliuliza.

"Bwana Mkubwa, siwezi kukaa."

Kiswahili chake kilikuwa cha kazini. Akaonyesha majani. "Kaa tu hapo, hakuna shida."

Nikakaa. Ningefanya nini?

Lakini alikuwa mtu wa haki, hilo sitamnyima. Alimwandikia hakimu kwa mkono wake, akapekua daftari lake la wiki zile na kuwafutia mashtaka madereva wengine wawili, wa malori. Dresa aliitwa, hukumu ikafutwa, akarudishiwa leseni yake. Kalasinga aliniachisha kazi siku hiyo hiyo niliyokwenda kwa inspekta. Hakunigombeza. Alitenga spana mbili zilizokuwa zangu, akaziweka juu ya meza.

Nikaanza upya Kiboriloni, chini ya mabati, karibu na soko. Huko nilipima kila spidomita iliyofika mikononi mwangu, hata ambazo wenyewe hawakutaka zipimwe. Sikukuta hata moja iliyosema kweli tupu. Nyingi ziliongeza kidogo: ukiwa thelathini zinakwambia thelathini na mbili, thelathini na tatu. Tairi likiisha au likikosa upepo, zinaongeza zaidi. Wateja waliopenda kujisifu walichukia kuambiwa.

Dresa hakuniletea pikipiki yake. Niliiona mara nyingi kwa fundi mwingine mjini, na iliniuma. Nikamwambia mke wangu.

"Ulitaka akushukuru?"

"Hapana."

Nikatoka nje.

Ulipita mwaka. Siku moja asubuhi pikipiki ikasimama mbele ya mabati yangu, injini inaunguruma. Alikuwa yeye, na sanduku la dawa limefungwa nyuma. Aliniamkia vizuri, akauliza habari za nyumbani. Kisha akagonga kioo cha spidomita kwa kidole.

"Hii yangu, unadhani inasema kweli?"

"Naweza kuipima sasa hivi. Ni dakika chache tu."

Nilikuwa tayari nimeshafuta mikono. Aliitazama ile spidomita, akanitazama mimi.

"Hapana," alisema. "Mahakamani niliapa kwa hii. Iache tu."

Akaondoka taratibu kuelekea Himo, mgongo umenyooka. Mimi nikabaki barabarani na kitambaa mkononi, nikamhesabia sekunde mpaka alipopotea kwenye kona.